Maisha ya Robert Maillart, Mjenzi wa Madaraja

Najua wengi wenu mlitarajia niandike juu ya mshairi au mpigania uhuru, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu. Mwaka huu naomba mnivumilie. Nimemchagua Mswisi aliyefariki mwaka wa 1940, mtu ambaye sidhani aliwahi hata kulisikia jina la Lodwar.

Sababu ni hii. Likizo moja, nikiwa kidato cha pili, nilikuwa natoka Kakuma kwa shangazi nikirudi nyumbani Lodwar na mdogo wangu aliyekuwa na homa kali. Safari yenyewe ni kilomita 120 hivi tu. Lakini si mnazijua laga zetu? Asubuhi ni mchanga mtupu, mbuzi wamejilalia. Mvua ikinyesha huko milimani, hata kama kwetu jua linachoma, maji huja yakinguruma kama lori. Tulipofika kwenye laga moja tukakuta maji yametutangulia. Tulilala ukingoni hadi alfajiri, mdogo wangu akiweweseka mapajani mwangu. Alipona, namshukuru Mungu. Ila tangu usiku ule mimi huwaza madaraja.

Nilipoyasimulia hayo darasani, mwenzangu mmoja alisema kwamba sisi watu wa Turkana daraja lolote litatutosha, ati urembo ni wa Nairobi na Ulaya. Nilikubaliana naye kabisa, mpaka mwalimu wetu wa fizikia alipotuonyesha picha ya daraja la Salginatobel. Tao moja jeupe, jembamba, limeruka bonde refu kama swara. Darasa zima likanyamaza. Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta mwenye kazi ile.

Robert Maillart alizaliwa mjini Bern mwaka wa 1872, akasomea uhandisi katika chuo cha Zurich, akahitimu mwaka wa 1894. Siku zile saruji iliyotiwa vyuma ndani ilikuwa kitu kigeni. Wajenzi waliitumia kwa kuiga mawe: wanajenga nene, nzito, kisha wanaipamba ili ifanane na ngome ya zamani. Maillart alijiuliza kwa nini kitu kipya kivishwe nguo za marehemu.

Mwaka wa 1901 alijenga daraja huko Zuoz. Baada ya miaka miwili tu, kuta zake zikaonyesha nyufa karibu na kingo. Hebu jiweke mahali pake! Wengine wangeficha kwa plasta. Jamaa huyu alikwenda akazichunguza nyufa, akagundua kwamba zile sehemu zilizopasuka hazikuwa zikibeba mzigo wowote. Kumbe hazikuhitajika! Basi daraja lililofuata, la Tavanasa mwaka wa 1905, aliziondoa kabisa. Likawa jepesi, tena likawa zuri kuliko la kwanza. Kwa maoni yangu hiki ndicho kisa kikubwa kuliko vyote maishani mwake, kwa sababu uzuri ule haukuongezwa juu ya daraja. Ulibaki baada ya ziada kutolewa.

Mwenye babu anielewe hapa. Tazama ekicholong yake, kile kigoda anachokalia mchana na kulazia kichwa usiku. Hakina ubao wa ziada, kwa maana mwenyewe hukibeba mkononi siku kutwa akichunga. Nani amewahi kukiita kibaya?

Maisha yake hayakunyooka. Alikwenda na familia yake Urusi kujenga viwanda, vita vya 1914 vikawazuia huko, mkewe akafariki mwaka wa 1916, na mapinduzi ya mwaka uliofuata yakamnyang'anya mali yote. Alirudi Uswisi na watoto wake akiwa na madeni, akaanza upya na ofisi mjini Geneva. Kana kwamba hayo hayatoshi, mwaka wa 1927 maporomoko ya ardhi yalilibomoa lile daraja lake la Tavanasa.

Ndipo ikatangazwa zabuni ya daraja la kufikia Schuders, kijiji kidogo cha mlimani. Maillart alishinda. Je, alishinda kwa urembo? La. Alishinda kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko za wenzake wote! Daraja likakamilika mwaka wa 1930, tao lake lina upana wa mita 90, na lina bawaba tatu ili saruji iweze kutanuka wakati wa joto na kunywea wakati wa baridi bila kupasuka. Sisi wa jua hili tunaijua maana ya jambo hilo. Mwaka wa 1947, miaka saba baada ya kifo chake, jumba la sanaa la New York liliandaa maonyesho ya madaraja yake. Mwaka wa 1991 wahandisi wa Marekani waliliweka lile la Salginatobel katika orodha yao ya kazi za kihistoria duniani.

Kwa hivyo mwenzangu wa darasani aniwie radhi, nimeyafuta makubaliano yetu. Mji wetu una Turkwel upande mmoja na Kawalase upande mwingine, na unazidi kupanuka. Madaraja mengine yatakuja tu. Wakubwa wakituambia kwamba hakuna pesa za uzuri, waulizwe kuhusu kijiji cha Schuders, ambacho hakikuwa na utajiri wowote.

Picha ile niliinakili kwa penseli nikampelekea babu. Aliishika mbali na macho, akaitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya tao toka ng'ambo hadi ng'ambo. Kisha akaniuliza hiyo ni laga gani, na kama ng'ombe wanaruhusiwa kupita.