Mwafrika Aliyekataa Yesu Aitwe Kiumbe

Pengine umetoka sasa hivi kwenye sifa, umeimba kwamba Yesu ni Mungu, na haikukugharimu kitu. Mimi nataka nikukutanishe na mzee mmoja wa bara letu hili hili ambaye maneno hayo yalimgharimu kama miaka 17 ya uhamishoni. Anaitwa Athanasio. Chuo cha Biblia tulipewa mistari miwili tu juu yake, nikajibu mtihani, nikasahau. Nilipokuja kumfuatilia baadaye niliona aibu.

Alizaliwa Misri mwishoni mwa karne ya 3, akakulia Iskanderia, mji wa kwao Apolo yule wa Matendo 18. Utotoni mwake Wakristo walikuwa bado wanakamatwa na kuuawa. Askofu Aleksanda alimchukua, akawa shemasi na mwandishi wake.

Basi katika mji huo alikuwepo kasisi mmoja, Ario. Huyu alianza kufundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe. Kiumbe cha kwanza, eti, kinachopita malaika wote, lakini kiumbe tu, na kwamba kabla hajaumbwa hakuwako. Tena Ario alijua watu. Alitunga nyimbo, mabaharia na wasaga nafaka wakaziimba kazini. Wewe uliye kwaya unanielewa: wimbo mtamu unaingiza mafundisho kichwani kabla hujayapima.

Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nikea, Uturuki ya leo. Athanasio alikwenda kama shemasi wa kumsaidia askofu wake. Wakakiri kwamba Mwana hakuumbwa, ni wa asili moja na Baba. Maaskofu waliosimama na Ario mpaka mwisho walikuwa wawili tu. Ungedhani kesi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza, maana mwaka 328 Athanasio aliwekwa kuwa askofu, na wenzake Ario wakapata masikio ya ikulu.

Hapa naomba tusimame kidogo. Kwa nini mtu ateseke kwa jambo hili? Athanasio aliliona hivi: sisi tuliharibika kwa dhambi, tunarudi mavumbini, na anayeweza kutuumba upya ni yule yule aliyetuumba mwanzo. Kiumbe hakiwezi kumpa kiumbe mwenzake uzima wa Mungu, kwa sababu chenyewe kinauombea. Kwa hiyo kama aliyekufa msalabani ni kiumbe, mimi na wewe bado hatujaokoka. Na kama tunamwabudu kiumbe, tunatofauti gani na waabudu sanamu? Huo ndio uliokuwa moyo wa vita yake yote.

Adui zake walikosa hoja, wakatafuta mashtaka. Walisema amemuua askofu mmoja, Arsenio, akamkata mkono afanyie uchawi, na mkono wenyewe wakauonyesha. Kwenye baraza la Tiro, mwaka 335, Arsenio akaletwa mzima, na mikono yake yote miwili! Hawakuona haya. Walimwambia Kaisari kwamba anatishia kuzuia meli za ngano za Misri. Akafukuzwa mpaka Trier, Ujerumani ya leo.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mkali, na wapinzani walilalamika kwamba watu wake walitumia nguvu. Mimi siwezi kumtetea katika kila jambo. Lakini kwa habari ya Yesu hakuyumba.

Alihamishwa mara 5, chini ya makaisari 4. Mwaka 356 askari walivamia kanisa usiku watu wakiwa kwenye mkesha. Yeye akakaa kitini, akataka watu watoke kwanza, mwisho watawa wakamvuta nje. Akafichwa jangwani miaka 6, akiandika. Safari nyingine alikuwa kwenye mashua mto Nile, askari wakimfuata nyuma. Akaamuru mashua igeuzwe, wakakutana nao uso kwa uso. Wakauliza kama Athanasio yuko mbali, wakajibiwa yuko karibu sana, wapige makasia. Wakapita! Nilicheka peke yangu.

Nasi tunaovuka mipaka kwa ajili ya injili tukumbuke hili: ndiye aliyemwekea mikono Frumentio, akamtuma Aksum, Ethiopia. Na barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 ndiyo ya zamani zaidi tunayoijua inayoorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, hivyo hivyo ulivyo navyo mkobani.

Miaka yake ya mwisho waliacha kumsumbua. Alilala tarehe 2 Mei 373, mjini kwake. Miaka 8 baadaye maaskofu walikutana Konstantinopoli wakaithibitisha imani ya Nikea. Yeye hakuwepo kuona.