Röntgen na Miali Isiyoonekana

Wilhelm Conrad Röntgen alizaliwa tarehe 27 Machi mwaka 1845 katika mji wa Lennep, nchi ya Ujerumani. Alipokuwa na umri wa miaka 3 wazazi wake walihamia Uholanzi, naye akakulia huko.

Alipokuwa akisoma katika mji wa Utrecht, mwanafunzi mmoja alichora picha ya kumdhihaki mwalimu. Röntgen aliamriwa amtaje aliyeichora, akakataa. Basi akafukuzwa shuleni. Kwa kuwa hakuwa na hati ya kumaliza masomo, alikosa nafasi katika chuo kikuu. Lakini hakukata tamaa. Mwaka 1865 alikwenda Zurich, nchi ya Uswisi, ambako chuo cha ufundi kilimpokea bila hati ile. Akajifunza kwa bidii, na baada ya miaka mingi akawa profesa wa fizikia katika mji wa Würzburg, Ujerumani.

Jioni ya tarehe 8 Novemba mwaka 1895 alikuwa katika chumba chenye giza, akipitisha umeme ndani ya chupa ya kioo iliyotolewa hewa karibu yote. Chupa hiyo alikuwa ameifunika kwa karatasi nene nyeusi, nuru isipate kutoka. Mara akaona kibao kilichopakwa dawa, kilichokuwa mbali kidogo, kinang'aa! Akatambua kuwa miali isiyoonekana kwa macho imepenya karatasi ile.

Kwa muda wa majuma 7 hivi aliichunguza kwa siri, pengine akila na kulala humo humo. Akaona kuwa hupenya ubao na nyama ya mwili, bali mifupa na madini huizuia. Kwa kuwa hakujua asili yake, akaiita miali ya X, kama wanahesabu waandikavyo herufi hiyo mahali pa kitu wasichokijua.

Tarehe 22 Desemba akamwita mkewe, Anna Bertha, aweke mkono wake juu ya bamba la kupigia picha. Picha ilipotokea, ilionyesha mifupa ya vidole vyake na pete aliyoivaa. Habari zilipotangazwa, zikaenea duniani upesi, na waganga wakaanza kuangalia mifupa iliyovunjika na risasi zilizozama mwilini kabla ya kupasua.

Mwaka 1901 Röntgen alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, naye ndiye wa kwanza kuipata. Fedha zake akazitoa kwa chuo kikuu cha Würzburg. Tena alikataa kuchukua hati ya kuumiliki uvumbuzi wake, ambayo ingalimtajirisha, kwani aliuona kuwa ni mali ya watu wote. Baada ya Vita Kuu fedha ya Ujerumani ilipoteza thamani, na akiba yake ikapotea. Akafa München tarehe 10 Februari mwaka 1923.

Hata leo, mtoto avunjikapo mkono, mganga huutazama mfupa wake kwa miali ile ile ambayo Röntgen hakutaka kuiuza.