Mwanamaji wa akiba aliyekataa kuhukumu

Siku ya Mashujaa, ambayo taifa letu huiadhimisha tarehe 25 Julai kila mwaka, ni ya askari wa kudumu na ni ya askari wa akiba vilevile. Askari wa akiba ni mtu aliyekwisha kuvua sare, akarudi shambani, dukani au chomboni mwake, kisha akaitwa tena vita vilipozuka. Sisi tunawajua watu wa namna hiyo. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, wanamgambo kwa maelfu waliacha majembe na nyavu wakashika bunduki, na heshima yao haina mjadala. Mjadala upo penginepo. Je, utumishi wa askari wa akiba upimwe kwa utii wake peke yake, au ipo pia siku ambayo kukataa kwake ndiko kutumika?

Tumeona vyema kulitazama swali hilo kwa maisha ya mwanamaji mmoja wa Kijerumani, Hans Paasche, ambaye kwao jina lake ni mashuhuri, na ambaye watu wa Rufiji wana hesabu naye tangu mwaka 1905.

Huenda msomaji wa Lushoto akauliza kwa nini asitajwe Mjerumani wa hapa hapa milimani. Yupo, naye anafahamika: Tom von Prince, Bwana Sakarani, aliyepigana na Isike wa Unyanyembe na Mkwawa wa Uhehe, kisha akastaafu, akajipatia shamba Usambara na kukaa humo na mkewe Magdalene. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza aliitwa tena, akaongoza kikosi cha walowezi waliojitolea, akafa katika mapigano ya Tanga tarehe 4 Novemba 1914. Huyo naye alikuwa askari wa akiba, na wala hatumnyimi ushujaa wa vitani. Lakini ardhi aliyoitetea ilikuwa ya Wasambaa, na utawala alioufia ndio ule ambao tangu mwaka 1907, katika wilaya hii iliyoitwa wakati huo Wilhelmstal kwa jina la Kaisari wao, ulimgawia kila mwanamume kadi ya kazi, ukamlazimisha kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Wazee wengi wa Usambara walikufa wakiikumbuka kadi ile kuliko walivyomkumbuka Kaisari mwenyewe. Ndiyo sababu kalamu imeivuka Sakarani na kushuka hadi pwani, yalikotia nanga majahazi na manowari.

Hans Paasche alizaliwa mjini Rostock tarehe 3 Aprili 1881. Baba yake, Hermann Paasche, alikuwa profesa wa uchumi na mwanasiasa mkubwa, aliyefika cheo cha makamu wa rais wa Bunge la Ujerumani. Kijana alikuwa na kila njia ya kupanda ngazi za dola. Mwaka 1899 aliingia jeshi la maji la Kaisari, na baada ya miaka michache akapelekwa kwenye manowari Bussard, meli ndogo ya kivita iliyokuwa ikilinda pwani yetu. Huku alijifunza Kiswahili kwa bidii, akakisema na mabaharia, wapagazi na wawindaji. Tusimsifu mno kwa hilo, kwani maofisa wengi wa kikoloni walijifunza lugha yetu ili watutawale vizuri zaidi. Tofauti yake ni kwamba kwake lugha hiyo haikuishia kwenye kutoa amri.

Mwezi Julai 1905 watu wa Matumbi waling'oa pamba ya serikali huko Nandete, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mapema mwezi wa Agosti, na moto ukazidi kuenea. Askari wa nchi kavu hawakutosha, hivyo wanamaji wakashushwa kutoka melini. Paasche, mwenye umri wa miaka 24, alipewa kikosi akapanda nacho bonde la Rufiji. Huko alipigana, na watu wakafa kwa amri yake: wakulima wenye mikuki na magobore, walioamini kwamba risasi zitageuka maji. Serikali yake ilimpa nishani.

Hapo ndipo wengi wa wenzake walipofungia daftari. Yeye alianza kusumbuka. Alikuwa amewaona watu aliopigana nao kwa karibu, anaielewa lugha yao, na alipopata nafasi alijaribu kuwashawishi warudi vijijini kwa amani badala ya kuendelea kuwawinda. Mwenendo huo haukuwapendeza wakubwa, naye akaondolewa katika eneo hilo. Vita viliendelea bila yeye hadi mwaka 1907. Pamoja na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa, inakadiriwa kwamba waliokufa walifika laki mbili na nusu hadi laki tatu.

Mwaka 1907 alitoa kitabu kuhusu vita, uwindaji na safari katika nchi yetu. Msomaji wa leo atakuta humo bado ofisa wa kikoloni anayejivunia wanyama aliowapiga, na si haki kuuficha ukweli huo. Toba ya mtu huyu haikushuka kwa usiku mmoja. Ilimchukua miaka. Mwaka 1908 alimwoa Ellen Witting, mwaka uliofuata akaacha utumishi wa kudumu akawa ofisa wa akiba, na mke na mume wakarudi Afrika Mashariki, safari hii bila kikosi, wakaenda mpaka kwenye chemchemi za mto Nile.

Katika safari hiyo ya Maziwa Makuu ndimo lilimozaliwa wazo lililompa jina. Ndugu zetu wa visiwani, hasa wa Ukerewe na Ukara, walistahili kuisikia habari hii zamani. Kuanzia mwaka 1912 Paasche alichapa, katika jarida aliloanzisha pamoja na Hermann Popert, barua za mtu aliyemwita Lukanga Mukara, yaani Lukanga wa kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria. Lukanga ametumwa na mfalme wake kwenda kuchunguza ndani kabisa ya Ujerumani, kama vile wazungu walivyokuja kuichunguza Afrika. Anaandika anayoyaona: watu wanaomeza moshi bila sababu, wanaokunywa pombe mpaka wanapoteza akili kisha wanaiita furaha, wanawake waliofungwa viuno mpaka hawapumui, watu wanaokimbia mchana kutwa wakihesabu vitu na fedha wala hawajui wanakokimbilia. Mchunguzi amegeuka mchunguzwa. Wajerumani walicheka, kisha baadhi yao wakaacha kucheka. Barua hizo zilikusanywa kuwa kitabu mwaka 1921, mwandishi akiwa amekwisha kuuawa.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, mwanamaji huyu wa akiba hakukataa wito, bali alijitolea mwenyewe. Alidhani, kama wengi, kwamba nchi yake imeshambuliwa. Aliwekwa kwanza kwenye mnara wa taa wa Roter Sand, mahali mto Weser unapoingia baharini, baadaye akahamishiwa kikosi cha nchi kavu. Wakati huo huo huku kwetu manowari Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji, mto ule ule alioupanda yeye miaka tisa kabla, ikazamishwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake iliopolewa ikakokotwa barani, na migongo iliyoikokota haikuandikwa majina.

Mwaka 1916 Paasche aliamriwa kukaa katika mahakama ya kijeshi kama hakimu. Mshtakiwa alikuwa mwanamaji wa kawaida aliyedaiwa kusema maneno ya uchochezi. Paasche alikataa. Hakudai ugonjwa wala hakuomba kuhamishwa. Alikataa, basi. Mtu asiyewahi kuvaa sare anaweza kuliona jambo hilo dogo, lakini anayejua amri ya kijeshi ni nini wakati wa vita ataelewa uzito wake. Kutoka Rufiji mpaka chumba kile cha mahakama ilikuwa miaka kumi na moja, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote alizosafiri. Jeshi lilimfukuza.

Alirudi kwenye shamba lake lililoitwa Waldfrieden, mashariki mwa Ujerumani ya wakati huo. Mateka wa Kifaransa walikuwa wakifanya kazi humo, naye tarehe 14 Julai 1917 alisherehekea nao sikukuu ya taifa lao. Alikuwa pia akisambaza maandishi ya kupinga vita. Alikamatwa kwa tuhuma ya uhaini, akatiwa kizuizini, kisha akapelekwa hospitali ya wenye maradhi ya akili, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kwa dola kumwita ofisa wake mwendawazimu kuliko kumshtaki mtoto wa makamu wa rais wa Bunge hadharani. Tarehe 9 Novemba 1918, mapinduzi yalipofika Berlin, waliomfungulia mlango walikuwa wanamaji. Aliyemkingia kifua mwanamaji mmoja alilipwa na wenzake mbele ya umma.

Akachaguliwa kuingia katika Baraza la Utendaji la wafanyakazi na askari, lakini siasa za mji mkuu hazikumkalia sawa, na mwezi uliofuata Ellen alifariki kwa homa ile ya mafua iliyoua mamilioni duniani. Alirudi shambani na watoto wanne. Huko aliandika kijitabu ambamo alikiri sehemu yake mwenyewe ya hatia ya Vita vya Dunia, na kingine kuhusu Afrika ambayo Ujerumani ilikuwa imeipoteza, akiwaambia wananchi wenzake kwamba hawakuwa na haki ya kuililia. Katika nchi ambayo maofisa na walowezi waliorejea kutoka makoloni walikuwa wakidai warudishiwe mashamba, mengine yakiwa milimani hapa, maneno hayo yalikuwa hatari.

Tarehe 21 Mei 1920 kikosi cha askari kilizingira Waldfrieden. Mtu alikuwa amewaarifu kwamba Paasche anaficha silaha. Yeye alikuwa ziwani akioga. Alipigwa risasi akafa, ana umri wa miaka 39. Nyumba ilipekuliwa na silaha hazikuonekana. Uchunguzi ulifunguliwa ukafungwa, wala hakuna askari aliyeadhibiwa. Alizikwa pale pale shambani, na baada ya Vita Kuu ya Pili eneo hilo likawa sehemu ya Poland.

Wapo watakaosema kwamba Mwafrika hana sababu ya kumpa heshima mtu aliyewaua baba zetu. Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuipuuzi. Damu ya Rufiji haifutiki kwa kitabu cha kuchekesha, na Paasche mwenyewe, mtu aliyeikiri hatia yake hadharani, asingetudai tuifute. Lakini kati ya maofisa waliopewa nishani kwa vita vile, wangapi walirudi kwao wakasema kwamba walikuwa wamekosea? Kwa muda mrefu vijana wetu wamesimuliwa ushujaa wa Sakarani na ujanja wa Lettow-Vorbeck. Nafasi ya kumsikia yule aliyekataa wameikosa.

Kwa hiyo ofisi za elimu na za utamaduni, katika wilaya hii na kule pwani, tunaziwekea ombi mezani. Hapa Lushoto, mgeni aonyeshwapo majengo ya Wajerumani, aelezwe pia habari ya kadi ya kazi na siku zake 30. Huko Ukara, walimu wawasomee watoto barua za Lukanga, kwani ni za kisiwa chao. Na kule Mohoro, ikiwa siku moja litasimamishwa jiwe lenye majina ya watu wa vita vya Maji Maji, yatangulie ya Kinjikitile na wenzake. La Hans Paasche liandikwe chini kabisa, kwa herufi ndogo, na mwaka wake uwe 1916.