Reginald Mitchell, Msanifu wa Ndege

Mmekwisha kujifunza kwamba hewa hukipinga kila kitu kipitacho ndani yake. Ukikimbia huku umeshika daftari, upana wake ukielekea mbele, mkono wako husukumwa nyuma. Ukiligeuza ili ukingo wake utangulie, mkono hupata nafuu. Upinzani huo huitwa ukinzani wa hewa. Sasa tusome habari za mtu aliyepambana na ukinzani huo maisha yake yote.

Reginald Joseph Mitchell alizaliwa tarehe 20 Mei 1895 katika kijiji cha Butt Lane, nchini Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu. Alipofikia umri wa miaka 16 aliacha shule, akaingia katika kiwanda cha magarimoshi akiwa mwanagenzi. Mchana alifanya kazi karakanani. Usiku alisoma hesabu na uchoraji wa mitambo. Mwaka 1917 aliajiriwa na kiwanda cha ndege cha Supermarine katika mji wa Southampton. Baada ya miaka miwili tu alifanywa msanifu mkuu.

Siku hizo mataifa yalishindania Kombe la Schneider kwa ndege zirukazo na kutua majini. Mwaka 1925 Mitchell alipeleka Marekani ndege mpya iitwayo S.4. Mabawa yake hayakushikiliwa na waya wala nguzo, kwa maana vitu hivyo huongeza ukinzani. Lakini kabla ya mashindano ndege ile ilianguka majini. Kwa bahati njema rubani aliokolewa. Mitchell hakuona aibu kujisahihisha. Ndege iliyofuata, S.5, aliitia waya tena, ila kiwiliwili chake alikifanya chembamba zaidi. Ikashinda mwaka 1927. S.6 ikashinda mwaka 1929, na S.6B mwaka 1931. Mwaka huohuo S.6B iliruka kwa mwendo wa kilomita 655 kwa saa. Hapakuwa na ndege iliyopata kufikia mwendo huo kabla yake.

Ndipo serikali ya Uingereza ilipotaka ndege mpya ya kivita. Mitchell alisanifu moja, ikarushwa mwaka 1934. Mabawa yake yalikuwa manene, magurudumu yalibaki nje, na rubani alikaa mahali pa wazi. Injini nayo ilipata joto kupita kiasi. Ndege hiyo haikufikia hata kilomita 400 kwa saa. Yule aliyeunda ndege yenye mbio kuliko zote alikuwa ameunda ndege ya polepole!

Wakati huo Mitchell alikuwa na mzigo mwingine. Mwaka 1933 madaktari walikuwa wamempasua kwa sababu ya ugonjwa wa saratani, nao ungeweza kurudi wakati wowote. Angaliweza kupumzika nyumbani. Badala yake alirudi kazini, na mwaka 1934 akajifunza kurusha ndege yeye mwenyewe.

Yeye na wenzake walianza upya. Mabawa yalifanywa membamba ili yapasue hewa kwa urahisi, lakini mapana karibu na kiwiliwili, yakichongoka kuelekea nchani kama umbo la yai lililorefushwa. Kwa hiyo ndani yake palipatikana nafasi ya bunduki za rashasha nane na ya magurudumu, ambayo yalikunjwa baada ya ndege kuruka. Rubani alifunikwa kwa kioo. Ngozi ya ndege ilikuwa ya madini mepesi, nayo ilisaidia kubeba uzito. Mbele ilitiwa injini mpya yenye nguvu, iitwayo Merlin.

Tarehe 5 Machi 1936 ndege hiyo iliruka kwa mara ya kwanza kutoka uwanja wa Eastleigh, Mitchell akiitazama. Iliitwa Spitfire. Baada ya marekebisho kadha, mwendo wake ulizidi kilomita 550 kwa saa. Serikali iliagiza ndege 310. Lakini mwaka uliofuata ugonjwa ulirudi, na tarehe 11 Juni 1937 Mitchell alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 42.

Hakuwahi kuiona kazi ya ndege yake. Mwaka 1940 Ujerumani iliishambulia Uingereza kwa ndege nyingi. Ndege za Spitfire, pamoja na zile za Hurricane zilizokuwa nyingi zaidi, ziliilinda nchi hiyo. Joseph Smith, aliyekuwa msaidizi wa Mitchell, aliendelea kuiboresha Spitfire, na zaidi ya 20,000 ziliundwa.

Vita ni msiba, na ni heri watu wasipigane. Hata hivyo, njia ya Mitchell yafaa kufuatwa na kila mwanasayansi: alijaribu, akakosea, akatafuta sababu ya kosa, kisha akajaribu tena.

Maswali

1. Kwa nini mabawa membamba hupunguza ukinzani wa hewa?
2. Taja kasoro tatu za ndege iliyorushwa mwaka 1934. Kila moja ilisahihishwaje katika Spitfire?
3. Kunja karatasi mbili zilizo sawa, moja iwe nyembamba yenye ncha, nyingine iwe pana. Zirushe kwa nguvu sawa. Ipi imefika mbali? Eleza sababu.