Festo Kivengere: Toba Inayokwenda kwa Jirani

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Zaburi 32, Mathayo 5:23, 24, Luka 19:1–10, Warumi 5:1–10, 1 Yohana 1:9.

Mtu anaweza kuwa na ng'ombe wengi zizini na pamba nzuri shambani, lakini usiku usingizi ukamkataa. Daudi aliijua hali hiyo. Katika Zaburi 32 anaeleza jinsi alivyodhoofika muda wote alipoificha dhambi yake, na jinsi mzigo ulivyoondoka alipoiungama. Juma hili tunatazama maisha ya mtu wa Afrika Mashariki aliyepita njia hiyo. Hakuwa Mwadventista, alikuwa askofu wa Kanisa la Anglikana. Hata hivyo, maisha yake yanatuonyesha jambo ambalo Biblia inalifundisha wazi: msamaha tunaoupokea kwa Mungu hutupeleka kwa mtu tuliyemkosea.

Mwana wa Wafugaji

Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Rujumbura, kusini magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji. Utotoni alichunga ng'ombe, kama wanavyofanya watoto wengi wa Bariadi, Itilima na Meatu. Alisoma katika shule ya misheni, akajifunza ualimu, kisha akarudi kufundisha kwao.

Biblia aliijua, lakini moyo wake ulikuwa mbali. Alikunywa pombe. Wakati huo uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulikuwa umefika kwao. Watu waliungama dhambi zao mbele ya wengine, wakarudisha vitu walivyoiba na kupatana na adui zao. Mambo hayo yalimkera Festo, maana yaliigusa dhamiri yake.

Jumapili moja mwaka 1941, akitoka kunywa, alikutana na rafiki yake akija kwa baiskeli, uso umejaa furaha. Rafiki huyo alimweleza kwamba Kristo amemsamehe, kisha akamwomba Festo msamaha kwa mambo aliyomkosea. Hakumhubiria; alitubu mbele yake. Festo alifika nyumbani akiwa amevunjika moyo, akapiga magoti. Hapo aliuona msalaba kama jambo lililofanywa kwa ajili yake. Alisimama akiwa mtu aliyesamehewa.

Safari ya Maili 50

Amani ile haikumruhusu kukaa kimya. Kulikuwa na Mwingereza mmoja ambaye Festo alimchukia kwa muda mrefu. Sasa Roho Mtakatifu alimkumbusha jina lake. Festo alipanda baiskeli, akasafiri maili 50, yaani karibu kilometa 80, hadi nyumbani kwa mtu huyo. Alimweleza kwamba Kristo amewafanya kuwa ndugu, akaomba msamaha kwa chuki aliyokuwa nayo. Wawili hao wakapatana.

Angeweza kusema kwamba amekwisha kuungama kwa Mungu na kwamba hilo linatosha. Tena, watu wengi wangemwambia kwamba wakoloni ndio waliopaswa kuomba msamaha kwanza. Lakini Yesu, katika Mathayo 5, anamwambia mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake. Zakayo naye hakuishia kumkaribisha Bwana nyumbani. Alifungua mkoba wake.

Toba ya Kila Siku

Katikati ya miaka ya 1940, Festo na mkewe Mera walikuja Tanganyika. Kwa miaka mingi alifundisha Dodoma, katika Shule ya Sekondari ya Alliance, ambayo baadaye iliitwa Mazengo. Kiswahili alikijua vizuri, hata akamtafsiria mhubiri Billy Graham alipokuja Tanganyika mwaka 1960.

Lakini mhubiri naye ana nyumba yake. Siku moja Festo aligombana na Mera, na muda wa kwenda kuhubiri ukawa umekaribia. Alitaka kuondoka hivyo hivyo. Dhamiri ikamwonyesha kwamba akienda kuhubiri, Roho wa Mungu atabaki jikoni pamoja na mkewe. Alirudi, akaomba msamaha, wakasali pamoja, ndipo akaenda. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe, kwa kuwa alijua kwamba aliyeokoka bado anahitaji kutubu, na mahali pagumu zaidi ni nyumbani.

Amani Mbele ya Kifo

Mwaka 1972 Kivengere aliwekwa kuwa askofu wa Kigezi. Tarehe 10 Februari 1973, serikali ya Idi Amin iliwapiga risasi hadharani wanaume watatu wa eneo lake katika uwanja wa Kabale. Askofu aliruhusiwa kuzungumza nao kabla ya kuuawa. Alikwenda akiwaza atawafariji vipi, akakuta nyuso zao zina furaha. Mmoja wao alimweleza kwamba alimpokea Kristo akiwa gerezani na kwamba amesamehewa. Hali yao haikubadilika, kwani waliuawa siku ile ile. Kilichobadilika ni kwamba hawakuwa tena na deni mbele za Mungu.

Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Festo na Mera walikimbia usiku kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Akiwa uhamishoni aligundua kwamba chuki dhidi ya Amin inamla moyo. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka huo, akiwa kanisani London, alitafakari jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha, akatubu chuki yake. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake kilichoitwa kwa Kiingereza I Love Idi Amin, maana yake Nampenda Idi Amin.

Wazee wetu wanaoikumbuka Vita ya Kagera wanajua jinsi jina hilo lilivyo gumu kutamka. Kivengere hakuuita uovu wema. Aliendelea kuyapinga mauaji waziwazi. Alichokataa ni kumpa adui nafasi ya kutawala moyo wake. Alirudi Uganda mwaka 1979 baada ya Amin kuondolewa, akahubiri upatanisho hadi alipofariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988.

Ndugu msomaji, huenda mtu wako hayuko maili 50. Huenda mmepakana shamba na mpaka ulisogezwa. Huenda ni mkulima aliyepunjwa kwenye mizani ya pamba, au bibi mzee wa jirani aliyesingiziwa uchawi, nawe ukalisambaza neno hilo. Ungama kwa Mungu leo, kwa maana Yeye ni mwaminifu. Kisha nenda kwa mtu huyo.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini mara nyingi ni rahisi kuungama kwa Mungu kuliko kumwendea jirani tuliyemkosea?

2. Linganisha Zakayo (Luka 19:8) na safari ya Kivengere. Ni wakati gani toba inadai kurudisha kitu, si kuomba msamaha tu?

3. Mtu aliyekukosea hajatubu. Utamsameheje bila kuufunika uovu wake? Soma Warumi 5:8–10.

4. Darasa lenu linaweza kufanya nini ili anayetubu asigeuzwe kuwa habari ya kijiji?