Mwanafunzi mgonjwa si mtoro: Funzo la maisha ya Stevenson

Kila mwalimu aliyewahi kushika sajili ya darasa anaijua safu ya yule mtoto mmoja. Wenzake wametiwa alama za kuhudhuria toka Jumatatu hadi Ijumaa, ilhali safu yake imejaa mapengo. Siku mbili yupo, wiki nzima hayupo, kisha anarejea akiwa amekonda na amenyamaza. Aghalabu wa kwanza kumhukumu huwa ni sisi walimu. Tunamwita mtoro, mvivu, au mtoto aliyedekezwa na wazaziwe. Ni nadra kumwuliza usiku wake ulikuwaje. Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Leo ningependa kuwasimulia walimu na wanafunzi maisha ya mtu ambaye sajili yake ilikuwa na mapengo mengi mno. Huyu ni Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Uskoti. Wasomaji wa Kiswahili wa vizazi vilivyotangulia walimfahamu kupitia Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Frederick Johnson, yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ili kusanifisha Kiswahili. Yamkini wengi walioisoma tafsiri hiyo darasani hawakujua kwamba mtunzi wa hadithi yenyewe aliiona shule kwa vipande vipande tu.

Stevenson alizaliwa mjini Edinburgh tarehe 13 Novemba 1850, akiwa mtoto wa pekee wa Thomas na Margaret Stevenson. Ukoo wa baba ulikuwa wa wahandisi waliojenga minara ya taa ya kuwaongoza mabaharia kwenye pwani za Uskoti. Mama alikuwa binti wa kasisi, na yeye mwenyewe alikuwa na kifua dhaifu. Mtoto naye alianza kuugua angali mchanga. Homa, kikohozi na kukosa pumzi vilimwandama kila majira ya baridi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni kifua kikuu. Madaktari wa siku hizi wangali wanabishana kuhusu maradhi hayo yalikuwa nini hasa. Lisilo na ubishi ni kwamba hakupata kupona kabisa.

Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, aliletewa yaya aitwaye Alison Cunningham. Mama huyu ndiye aliyekesha naye. Usiku mtoto alipobanwa na kikohozi, yaya alimfunga blanketi, akamwinua hadi dirishani, akamwonyesha taa zilizokuwa zikiwaka katika nyumba nyingine, ili ajue kuwa hawakuwa peke yao macho. Alimsomea Biblia na visa vya mashujaa wa dini wa Uskoti. Baba naye, aliporudi kazini, alimtungia hadithi za majambazi na mabaharia mpaka usingizi umchukue. Kwa hivyo, kabla hajajua kusoma, mtoto yule alikuwa amekwisha kupata elimu ya masikio, elimu ambayo sisi wa jamii za fasihi simulizi hatuna haja ya kufundishwa thamani yake.

Mnamo 1856 ami yake alitangaza tuzo kwa watoto wa ukoo watakaoandika historia ya Musa. Stevenson, mwenye umri wa miaka sita, hakuwa na uwezo wa kuandika. Basi alisimulia kwa kinywa, mama akaandika kila neno. Alipewa tuzo ya pekee. Tunaona hapa kwamba mkono uliokuwa dhaifu haukuachwa uzuie akili iliyokuwa timamu.

Mwaka wa 1857 alipelekwa shuleni, akadumu majuma machache tu, maradhi yakamrudisha nyumbani. Alirejea 1859. Mwaka wa 1861 aliingia Edinburgh Academy, shule yenye sifa kubwa mjini humo, na huko pia hakukaa sana. Katikati ya vipindi hivyo alifunzwa na walimu wa nyumbani, na mara kadhaa alisafiri na mama yake kwenda kutafuta hewa yenye joto. Kila aliporejea, wenzake walikuwa wamesonga mbele.

Ndipo likaja kosa ambalo wazazi wengi wenye nia njema hulifanya. Mwaka wa 1863, akikaribia kutimiza miaka 13, alipelekwa shule ya bweni karibu na London, mamia ya maili kutoka kwao. Aliwaandikia wazazi barua ya huzuni akiomba kurudishwa. Hapa ndipo baba mwingine angalisema kuwa mtoto wa kiume sharti akomazwe. Thomas Stevenson hakusema hivyo. Muhula mmoja ulipokwisha alikwenda kumtoa, akampeleka kwa mama yake aliyekuwa kusini mwa Ufaransa. Baba huyu alikuwa mkali katika mambo ya dini, lakini aliyasikia maneno ya mwanawe.

Mwaka wa 1864 ilipatikana shule iliyomfaa. Ilikuwa shule ndogo ya kutwa jijini Edinburgh, ya mwalimu Robert Thomson, iliyopokea wavulana wenye afya dhaifu na waliobaki nyuma katika masomo. Huko Stevenson hakubebeshwa mzigo wa kazi za jioni. Aliendelea kukosa siku nyingi, ila sasa pengo la siku halikuwa tena kosa la jinai. Wakati huohuo alikuwa akitunga majarida yake mwenyewe kwa mkono. Mwaka wa 1866, akiwa na umri wa miaka 16, aliandika kijitabu kuhusu maasi ya kidini yaliyotokea Uskoti miaka 200 kabla. Baba yake alilipia uchapishaji wa nakala 100.

Mwaka uliofuata alijiunga na Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea uhandisi. Hapa sharti nisimpambe. Chuoni Stevenson alikuwa mtoro hasa. Alikwepa mihadhara kwa hiari yake huku akijizoeza uandishi kwa kuiga mitindo ya waandishi mashuhuri. Hivyo aliujua ugonjwa, na utoro pia aliujua, na viwili hivyo havikuwa kitu kimoja. Mwaka wa 1871 alitunukiwa nishani ya fedha kwa makala kuhusu taa za minara, na mwaka huohuo akamwambia babake kwamba hataki uhandisi. Baba alihuzunika, ila alikubali mwanawe asomee sheria. Stevenson alifuzu uwakili 1875, asiifanye kazi hiyo kwa dhati. Waligombana pia kuhusu dini, tena vikali. Hata hivyo, kamba baina yao haikukatika.

Thawabu ya subira hiyo ilionekana mwaka wa 1881. Stevenson, sasa akiwa na mke Mmarekani, Fanny, alikuwa amefungiwa ndani na mvua katika kijiji cha Braemar. Pamoja na mwanawe wa kambo, Lloyd, mwenye umri wa miaka 13, walichora ramani ya kisiwa. Kutokana na ramani hiyo ilizuka hadithi ya hazina. Mzee Thomas naye aliingia katika mchezo, akaorodhesha vitu vilivyomo katika sanduku la baharia mzee. Hadithi za kando ya kitanda zilikuwa zimerudi kwa mlango mwingine. Kitabu kilitoka 1883.

Maradhi hayakumwacha. Mwaka wa 1884, akiwa Ufaransa, alitema damu na macho yakaugua. Aliandika sehemu ya mashairi yake ya watoto katika chumba chenye giza, kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulifungwa. Mashairi hayo yalipochapishwa 1885, aliyatabaruku kwa yaya wake. Hatimaye alihamia Samoa, ambako wenyeji walimpa jina la Tusitala, yaani mwandishi wa hadithi. Huko alifariki tarehe 3 Desemba 1894, akiwa na umri wa miaka 44.

Msomaji atanikosoa kuwa Stevenson alikuwa na baba tajiri, yaya, na walimu wa kuja nyumbani. Ni kweli, na sitaki kuificha kweli hiyo. Mzazi wa kijijini aliyeuza mbuzi wa mwisho ili kulipia dawa hawezi kumpeleka mwanawe Ufaransa. Lakini hebu tuyatazame yale yaliyomwokoa kijana yule. Kukeshewa hakuhitaji utajiri. Kusikilizwa hakuhitaji utajiri. Kuandikiwa maneno mkono unaposhindwa, na kutoaibishwa mbele ya wenzake, havina karo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Shuleni mwetu wamo vijana wenye selimundu, hususan kanda ya Ziwa Viktoria na Pwani. Wamo wenye pumu, kifafa na kisukari. Mwenye selimundu huweza kuzidiwa kwa sababu ya baridi, kiu au uchovu. Mwalimu anayemruhusu kunywa maji kipindi kikiendelea, na kumwondolea mbio za alfajiri, huenda amemwepushia wiki nzima ya hospitali. Mwenye pumu asipewe zamu ya kufagia darasa lenye vumbi. Mwenye kifafa asitengwe, kwani kifafa hakiambukizi. Na kila anayekosekana ateuliwe mwenzake wa kumnakilia mafunzo na kumpelekea nyumbani, ili anaporudi asijione mgeni katika darasa lake.

Nanyi wanafunzi, mnapomwona mwenzenu akirejea baada ya majuma matatu, msimwulize alikuwa akijificha wapi. Mpeni daftari. Hujafa hujaumbika, na kesho safu yenye mapengo yaweza kuwa yako.

Sajili ni chombo muhimu, nami sipendekezi itupwe. Yatuonyesha ni nani hayupo. Kujua kwa nini hayupo, hiyo ni kazi ya mwalimu.