Bakhita na Bwana Wake

Imani, matumaini na mapendo: watoto wetu hujifunza kuyataja maneno hayo matatu kabla hawajajua kusoma. Juu ya imani na mapendo twahubiriwa mara nyingi. Juu ya matumaini twasikia machache, na wengi wetu twadhani kwamba kutumaini ni kungoja tu mambo yawe mema: mvua inyeshe, mavuno yapate bei, mgonjwa apone. Mambo hayo yakikawia, matumaini nayo hufifia. Kwa hiyo leo twapenda kuyatazama maisha ya mwanamke mmoja wa Afrika ambaye hakurudishiwa mama yake, wala kijiji chake, wala hata jina lake, lakini alikufa akiwa tajiri wa matumaini. Ndiye Mtakatifu Yosefina Bakhita.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, nchi ya Darfur, huko Sudan. Alikuwa bado mtoto alipotekwa na wafanyabiashara wa watumwa. Sisi tunaoishi katika nchi zilizopitiwa na misafara ya kwenda Bagamoyo na Unguja hatuna haja ya kuelezwa sana maana ya neno hilo. Hofu aliyoipata ilikuwa kubwa hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Nalo neno letu bahati lina asili hiyo hiyo. Ulikuwa mzaha mchungu. Aliuzwa, akauzwa tena, katika masoko ya El Obeid na Khartoum. Alipigwa mijeledi karibu kila siku. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki alichanjwa chale 114, na vidonda vikasuguliwa chumvi ili alama zisifutike kamwe.

Mwaka 1883 alinunuliwa na Callisto Legnani, balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum, ambaye hakumpiga. Vita vya Mahdi vilipoukaribia mji huo, Legnani alirudi kwao, naye Bakhita akamsihi amchukue. Walifika Italia mwaka 1885. Huko alipewa jamaa ya Michieli, akawa yaya wa binti yao mdogo, Mimmina. Miaka michache baadaye mama wa mtoto alisafiri kwenda Suakin, kwenye Bahari ya Shamu, ambako mumewe alikuwa na hoteli. Bakhita na Mimmina wakaachwa Venice katika nyumba ya masista wa Canossa.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Tangu utoto wake Bakhita alikuwa akitazama jua, mwezi na nyota, akijiuliza ni nani aliye bwana wa vitu vizuri kama hivyo. Katika lugha yetu neno bwana humtaja mwenye mtumwa, na neno hilo hilo humtaja Mungu. Bakhita aliwajua mabwana wengi, na kila mmoja alimhesabu kuwa mali. Sasa masista walimfundisha habari za Bwana aliye juu ya mabwana wote, aliyemjua yeye tangu tumboni mwa mama yake, akampenda. Tena Bwana ambaye mwenyewe alipigwa mijeledi. Mtu aliyejua kwamba amependwa hivyo hakuweza tena kuwa mali ya mtu.

Jaribu lilikuja upesi. Mama Michieli alirudi kumchukua, ili wote waende Suakin. Bakhita, aliyezoea kutii maisha yake yote, alikataa. Jambo hilo halikuwa jepesi, kwa maana alimpenda Mimmina kwa moyo wote, na kubaki kulikuwa kuachana naye. Shauri likafika mbele ya serikali, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa. Basi Bakhita ni mtu huru. Tuangalie vema utaratibu wa mambo hayo: matumaini yalitangulia, uhuru ukafuata. Matumaini ya Kikristu si kukaa tukingoja. Ndiyo yaliyompa mtumwa nguvu ya kusema hapana.

Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa Yosefina Margarita Fortunata. Fortunata ni mwenye bahati. Lile jina la mzaha likawa jina la kweli. Mwaka 1896 aliweka nadhiri zake, na tangu 1902 aliishi katika mji wa Schio, akiwa mpishi, mshonaji na mlinda mlango. Alisema kwamba kama angekutana na wale waliomteka angepiga magoti na kubusu mikono yao, kwa sababu pasipo hayo yote asingekuwa Mkristu.

Hata hivyo tusidhani kwamba matumaini hufuta makovu. Mwaka 1947, katika siku zake za mwisho, ugonjwa ulimrudisha katika utumwa, akawa anamwomba muuguzi amlegezee minyororo kwa kuwa ilikuwa mizito. Alifariki tarehe 8 Februari, akimwita Bikira Maria. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu mwaka 2000, naye Benedikto wa 16 alimtaja kuwa mfano katika barua yake juu ya matumaini, mwaka 2007.

Tarehe 8 Februari Kanisa huwaombea watu wote wanaouzwa na kununuliwa. Wako hata kwetu: mabinti wanaotolewa vijijini kwa ahadi ya shule, wakaishia jikoni mwa watu bila mshahara wala siku ya kwenda Misa. Basi kila jamaa ya Kikristu itazame jikoni mwake. Bakhita asingetumaini kama asingepata mtu wa kumwambia kwamba Mungu anamjua na kumpenda. Yule binti anayetuoshea vyombo, je, sisi tumemwambia? Na jinsi tunavyomtendea, je, aweza kusadiki?